Ufundi wa Kumngoja Paka

Kuna kazi ambazo mtu akizifanya vizuri, mpita njia humdhania amekaa bure. Kumzoesha paka mgeni banda la nje ni mojawapo. Upande wa Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha, yuko mwalimu mstaafu ambaye majirani wamezoea kumwona alasiri ameketi kigodani, ungo mapajani, akichambua maharage kando ya kichumba cha wavu kilichoungwa ubavuni mwa nyumba yake. Ndani ya wavu hamna mnyama. Paka yuko chumbani, nyuma ya dirisha, anatazama. Watoto wanaotoka shule husimama, humwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kisha huuliza paka yuko wapi. "Anafikiri," huwajibu, na mikono yake huendelea na maharage.

Paka mwenyewe ni jike aliyekwisha kukomaa, rangi ya majivu yenye milia, aliyeokotwa sokoni chini ya meza za dagaa. Alitibiwa, akafungwa kizazi, akachanjwa kichaa cha mbwa na homa za paka, kisha akatafutiwa nyumba. Mwalimu amempa jina la Tunu. Wapo waliomtangulia Tunu katika nyumba hii, na kila mmoja alipitishwa njia ileile kwa mwendo wake mwenyewe. Mtu akiitazama njia hiyo kwa makini huanza kuona kwamba ule ukimya wa kigodani umejaa hesabu.

Lakini banda la nini? Wengi wetu tumekua na paka wanaojiendea: mchana juani, jioni jikoni, usiku Mungu ndiye ajuaye. Mwalimu naye alifuga hivyo, na hataki kuwahesabu waliopotea. Kuna bodaboda. Kuna mbwa wanaofunguliwa usiku. Kuna sumu ya panya, ambayo jirani huitega kwa nia njema. Panya huila, akayumbayumba uani, na paka humla panya. Kisha kuna upande wa pili, wa wale ambao paka huwala. Watafiti wa Marekani walikadiria mwaka 2013 kwamba paka wa nchi hiyo huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, wengi wao wakiuawa na paka wasio na mwenyewe. Australia jambo hili limefika kwenye sheria: katika jiji la Canberra, paka yeyote aliyezaliwa tarehe 1 Julai 2022 au baadaye haruhusiwi kuzurura nje ya eneo la mwenyewe. Ndiyo maana huko mabanda ya wavu yaliyoshikana na nyumba ni jambo la kawaida, na kuna mafundi ambao kazi yao ni hiyo tu.

Kwetu swali huja kwa sura nyingine. Mwalimu ni mzaliwa wa Pangani, na tangu utotoni amesikia kwenye mawaidha habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie vidudu vya ardhini. Mtu wa Pwani akiona paka nyuma ya wavu, habari hiyo humjia kabla ya nyingine yoyote. Nilimuuliza Mwalimu anaijibu vipi. Alifikiri kidogo. "Kosa la yule mama halikuwa ukuta," alisema. "Alichukua riziki ya kiumbe, asiweke nyingine mahali pake."

Kauli hiyo ndiyo ramani ya kazi yake yote. Kila ambacho ukuta unamnyang'anya paka, mjenzi anadaiwa: kimo cha kupanda, jua la kuota, kona ya kuvizia, harufu ya kusoma. La mwisho, na ndilo kubwa kuliko yote, ni uwezo wa kuondoka mahali panapomtisha. Banda lisilo na njia ya kurudi ni mtego, hata likipambwa vipi.

Fundi aliyelijenga alikuwa na ujuzi wa mabanda ya kuku, na ubishi ulianza siku ya kwanza. Alileta wavu wa kuku. Mwalimu akaukataa: huo hulegea ukikwewa, hushika kutu, na matundu yake yanapitisha nyoka mwembamba. Alitaka wavu wa chuma uliochomelewa kwenye kila makutano, wenye matundu ya nusu inchi. "Mama, huyu ni paka, si simba," fundi alisema. "Ndiyo maana, Fundi. Simba angevunja. Paka hupenya." Fundi alitaka kuzipaka nguzo za mbao oili chafu ili mchwa wasizile, kama afanyavyo kila mtu. Akakataliwa tena, kwa kuwa paka hujilamba mwili mzima kila siku, na chochote atakachojisugulia kitaishia tumboni. Nguzo zikawa za chuma, zimesimamishwa juu ya msingi wa tofali. Wavu haukuishia kwenye tofali. Ulikunjwa nje na kulazwa chini ya udongo, ili mbwa akichimbua akutane na chuma.

Juu, nusu ni bati na nusu ni wavu, ili paka achague jua au kivuli. Ndani kuna vibao vya kukanyagia vilivyopandishwa ukutani kwa ngazi mbili tofauti, moja ya kupandia na nyingine ya kushukia, kwa sababu paka akijua kuna njia moja tu ya kufika juu, hatapanda kwa amani. Milango ya binadamu ni miwili: unafungua wa kwanza, unaingia katika nafasi ndogo ya kusimama mtu mmoja, unaufunga, ndipo unafungua wa pili. Mmea mmoja uling'olewa uani kabla ya kazi kuanza, nao ni mnyaa uliokuwa sehemu ya ua, kwa kuwa utomvu wake mweupe huunguza macho. Na mayungiyungi yanayouzwa kwa ajili ya sherehe hayaingii nyumbani humo kabisa. Hata chavua yake ikilambwa yaweza kuua figo za paka.

Kitu kilichomchukua Mwalimu muda mrefu kuliko vyote, hata hivyo, ni dirisha. Nyumba yake ni ya zamani, ya madirisha ya luva yenye nondo kwa ndani. Alivua vioo viwili vya chini, akaweka ubao wenye tundu linalomtosha paka, akauchana wavu wa mbu mahali hapo na kuushonea kipande kinachoangukia chenyewe. Kutoka dirishani, mfereji wa wavu unashuka mpaka bandani. Tundu hilo lina komeo la ndani, na usiku hufungwa paka akishaingia. Lakini mchana, paka akiwa nje, halifungwi hata kwa dakika moja. Watu wa miteremko ya Meru wanajua kwa nini. Mvua zikianza siafu hutembea, na wakipita penye banda la kuku lililofungwa, asubuhi mwenye kuku hukuta manyoya. Mnyama aliye huru huwapisha siafu. Aliyefungiwa hana pa kuwapisha. Majivu ya moto yanayomwagwa kuzunguka msingi husaidia. Tundu lililo wazi husaidia zaidi.

Haya yote yalikuwa tayari siku Tunu alipofika, na hakuonyeshwa hata moja. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanaowatunza paka wasio na makao katika nchi nyingi wana hesabu yao inayofanana na hiyo, ila ni ndefu zaidi: siku 3 za mshtuko, wiki 3 za kujifunza desturi za nyumba, miezi 3 ndipo ajione mwenyeji. Ni makadirio tu, na kila paka huyavunja kwa namna yake, lakini yanamzuia mwenye nyumba asimpe mgeni jembe mapema. Tunu alipewa chumba kimoja, chombo cha mchanga, maji, na boksi la kadibodi lililolazwa ubavu.

Hilo boksi si pambo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, waliwatazama paka 19 waliokuwa wageni katika kituo cha kulelea paka. Baadhi walipewa maboksi ya kujifichia, wengine hawakupewa. Wenye maboksi walitulia mapema zaidi. Mtu angedhani kinyume, kwamba paka akipewa maficho ataganda humo asitoke. Kumbe anayejua pa kujificha ndiye anayethubutu kutoka. Mwalimu hamtoi paka boksini kwa mkono, wala hainami kumchungulia. Huingia chumbani, hukaa sakafuni akitazama pembeni, na paka akimkodolea macho, yeye hufumba yake polepole na kuyafumbua polepole. Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, kilichapisha mwaka 2020 majaribio yaliyoonyesha kwamba paka humsogelea zaidi hata mtu asiyemjua ikiwa mtu huyo amemfumbia macho hivyo. Bibi zetu walifanya hivyo bila chuo.

Mwalimu pia hajidanganyi kuhusu mwisho wa safari. Utafiti wa Eileen Karsh huko Philadelphia katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba kitoto cha paka kikishikwashikwa na watu kati ya wiki ya 2 na ya 7 ya maisha yake, hukua kikiwapenda watu. Kipindi hicho kikipita, kazi huwa ngumu. Tunu alikuja ameshakua, na hakuna ajuaye nani alimshika au hakumshika utotoni. Huenda asipande pajani mwa mtu maisha yake yote. Mwalimu haoni hilo kuwa kasoro. Anamfundisha kutumia nyumba. Kupenda watu ni hiari yake.

Sasa inakuja sehemu ambayo naistaajabia kuliko zote, maana imegeuzwa juu chini na ni sahihi: Mwalimu hufundisha kurudi kabla ya kufundisha kutoka.

Walimu wengi waliopita vyuo vya ualimu wanalikumbuka jina la Edward Thorndike kwa ajili ya mtihani, wakasahau kwamba wanafunzi wake maarufu walikuwa paka. Mwaka 1898, akiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichapisha habari za paka wenye njaa aliowafungia katika visanduku vya mbao, chakula kikiwa nje. Paka alikwaruza, akang'ata, akajipenyeza kila upenyo, mpaka kwa bahati akavuta kitanzi au akakanyaga kibao kilichofungua mlango. Alipofungiwa tena na tena, mahangaiko yalipungua, hadi akawa anakwenda karibu moja kwa moja kwenye kitanzi. Kutokana na hapo Thorndike alieleza kanuni ambayo Mwalimu aliifundisha miaka yake yote: tendo linaloishia kwenye faraja hurudiwa. Ila Mwalimu aliona jambo jingine katika visanduku vile. Paka wa Thorndike walijifunza mlango wakiwa katika hofu. Je, wangejifunza mlango kwanza, hofu ije baadaye?

Kwa hiyo kuna kopo. Ni kopo la bati lenye dagaa wakavu, waliolowekwa kwanza kuondoa chumvi kisha wakaanikwa upya. Likitikiswa, chakula kinafuata. Na kwa siku nyingi chakula hakiji bila kutikiswa. Mwanzoni kopo hutikiswa hatua mbili kutoka kwenye boksi. Baadaye upande wa pili wa chumba, halafu ukumbini, halafu jikoni paka akiwa hajaliona. Mwalimu haipimi kazi hii kwa kalenda. Humngoja paka aisikie sauti ile na kugeuka kabla ya kufikiri. Wala hamshindishi na njaa ili aharakishe, kwani paka asiyekula siku kadhaa anaweza kuharibika ini. Anasogeza tu saa ya mlo ikutane na saa ya somo.

Wakati huo banda nalo linaandaliwa kwa pua. Paka ana tezi za harufu mashavuni. Akijisugua kwenye mguu wa meza anaweka alama kwamba hapa ni salama, hapa ni pangu. Mwalimu huchukua kitambaa safi, kipande cha kanga kuukuu, humfuta Tunu mashavu wakati amekubali kuguswa, kisha huenda nje na kukipitisha kwenye nguzo na vibao, kwa kimo cha kichwa cha paka. Siku nyingine hufanya kinyume: hulaza kitambaa bandani usiku kucha na kukileta chumbani asubuhi, kikiwa na habari za umande, za majani na za paka wa jirani aliyepita. Tunu huisoma barua hiyo kwa muda mrefu. Kabla hajakanyaga nje, nje kumeshaingia ndani, na sehemu yake imeshatoka.

Ndipo tundu hufunguliwa, na Mwalimu huenda kukaa kigodani na maharage yake.

Amechagua alasiri, wakati upepo umetulia, watoto wengi bado wako shule na bodaboda ni chache. Sikio la paka husikia sauti nyembamba zilizo juu zaidi ya mara tatu ya kikomo chetu, kwa hiyo kimya chetu kwake kimejaa kelele. Pua inatokea tunduni, kisha masharubu, kisha kichwa. Kinarudi. Siku nyingine miguu ya mbele inakanyaga mfereji na ya nyuma inabaki ndani. Mwalimu hutazama hiyo ya nyuma. Masikio yaweza kusimama kwa udadisi na mkia kutulia, lakini miguu ya nyuma ikiwa imekunjwa tayari kuruka, paka hajaamua, na binadamu hana la kusema. Kuita sasa ni kosa. Kusogea ni kosa. Kosa kubwa kuliko yote ni kumbeba na kumweka bandani "aone palivyo pazuri". Paka aliyebebwa hakuiona njia. Akishtuka hatajua pa kukimbilia. Atapanda wavu, atanasa kucha, na tangu siku hiyo banda litakuwa mahali pa kunasa.

Dagaa wachache huwekwa kwenye kizingiti, wachache katikati ya mfereji, mmoja au wawili mdomoni mwa banda. Lakini sahani yenyewe haitoki nje kamwe. Tunu akishathubutu hatua, hata ndogo, na kabla hajachoka kuwa jasiri, mtu aliye ndani hutikisa kopo na mlo kamili hutolewa chumbani. Kila safari ya nje, iwe ya hatua moja au kumi, huishia kwenye faraja ya ndani. Jirani mmoja aliwahi kusema kwamba huko ni kumdekeza arudi, kwamba chakula kingewekwa bandani angekaa bandani. Angekaa, kweli. Angekaa hadi kitu cha kwanza cha kumtisha, na asijue la kufanya.

Kitu hicho hakikosi kuja. Kwa Tunu kilikuwa parachichi. Mparachichi wa jirani unaning'inia juu ya uzio, na tunda bivu liliangukia bati la banda wakati paka yuko kwenye kibao cha pili. Sauti ilikuwa ya kumshtua hata mtu mzima. Tunu alishuka ngazi ya pili, akapita mferejini, akapotea tunduni, na tulimsikia akiingia chini ya kitanda. Mwalimu hakuinuka kumbembeleza, wala hakufunga dirisha. Aliweka ungo chini na kusema, kwa sauti ya mtu aliyepata jibu la hesabu, "Umeona? Hakupanda wavu." Kwa siku zilizofuata dagaa walirudi kizingitini, kana kwamba somo ndiyo kwanza linaanza. Halikuwa linaanza. Hatua zilezile zilipitwa upesi mno, kwa sababu sasa paka alikuwa na ushahidi wake mwenyewe: jambo baya lilitokea, na njia ilifanya kazi.

Tangu hapo kazi ya Mwalimu imekuwa ya kujipunguza. Kigoda kilisogea mbali na wavu, kisha kikahamia barazani. Kopo hutikiswa magharibi tu, wakati wa kufunga tundu. Tunu hutoka na kuingia kwa sababu zake, hulala pale jua linapoishia na kivuli kuanza, huwakaripia kunguru kwa kile kitetemo cha taya cha paka aonaye asichoweza kukifikia. Watoto siku hizi wanamwona, wala hawasimami sana; paka aliyelala juani si jambo la kusimulia.

Sifa ya ufundi wa namna hii haiwezi kutegemea watazamaji, maana ukikamilika hauonekani. Lakini kuna mtu mmoja aliyeuona. Fundi sasa huitwa na watu wengine, huko Usa River na hata mjini, wanaotaka banda kama lile la Mwalimu. Wenye nyumba humpeleka bustanini kumwonyesha mahali palipo wazi, penye maua, panapopendeza kutoka barabarani. Fundi huwasikiliza kwa adabu, kisha huomba kuonyeshwa chumba atakacholala paka, na futi yake huanza kupima dirishani.